Bilauri ya Maji Kitandani

Siku waliyoniaga kazini walinikatia keki, wakanipa saa ya ukutani, na Wanjiru akanipa daftari. Saa sijui ya nini, maana miaka arubaini na ushei nimeishi kwa kukimbizwa na saa na sasa ndiyo kwanza imeniachia. Daftari lina maana. Wanjiru ni muuguzi wa wodi ya mifupa, mzaliwa wa Nakuru, na wengi wenu mnaosukuma vitanda pale leo ni yeye aliyewaambia nafasi zipo. Aliniambia, "Mzee Sele, andika vile wewe husukuma. Hawa wako wanasukuma mgonjwa ni kama gari imekwama kwa matope."

Basi naandika, enyi wenzangu wa korido. Nani alipandishwa cheo mwaka gani hayanihusu, na mkitaka umbea huo mwulizeni aliyepandishwa. Mimi nitawaeleza habari za vitanda, za ule mteremko wa jengo la zamani, na za mtu mmoja ambaye bila yeye ningekaa kazini miezi mitatu tu.

Nilikuja London miaka ya sabini, kijana wa miaka ishirini na miwili, nikafikia kwa mjomba wangu Thornton Heath. Mjomba alitoka Unguja muda mfupi baada ya mapinduzi, na alizungumza habari za kazi za mji huu kana kwamba zote ni jamaa zake. "Hospitali wanataka watu wa kusukuma wagonjwa," aliniambia. "Mikono unayo, miguu unayo. Nenda." Kiingereza changu kilikuwa cha skuli, kizuri kwa insha, kibovu kwa kuuliza njia. Nilidhani kusukuma ni kusukuma, na kwamba hapo hakuna cha kujifunza.

Msimamizi wetu alikuwa Bwana Pettifer, Mwingereza mrefu aliyewahi kuwa askari, mwenye kidaftari katika mfuko wa shati. Alinipa koti la kijivu lililonifika magotini, akanikabidhi kwa pota, yaani msukuma wagonjwa, mmoja wa Kihindi, kalasinga wa makamo mwenye kilemba cheusi na ndevu zilizofungwa vizuri. Jina lake Harbans Singh. Aliniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikasema Zanzibar. Akasimama pale pale katikati ya korido, akacheka mpaka mabega yakamtikisika.

"Jambo sana!" akasema. "Mimi natoka Nairobi. Reli. Miaka kumi na saba."

Kwa wiki nzima nilikuwa sijasikia Kiswahili nje ya nyumba ya mjomba, na machozi yalinilenga, sitaficha. Kiswahili chake kilikuwa kile cha karakana za reli, kilichokatwa mikia na pembe. Nilimtania kwa hilo mpaka siku anastaafu. Na yeye alinitania kwa changu. "Swahili yako refu sana," alikuwa akisema. "Wewe takwisha salimia, mgonjwa amekwisha kufa."

Somo la kwanza alinipa kitanda kitupu, akaniambia nikipeleke mpaka kabati la mashuka. Nikakishika kwa nguvu zangu zote za ujana, nikakisukuma. Hakikwenda. Nikaongeza. Kikaruka mbele ghafla, nikakikimbilia, nikakivuta kisimame, hakikusimama, tukaingia kabatini pamoja. Mzee Harbans hakukasirika. Aliokota mashuka mawili yaliyoanguka, akayakunja upya.

"Sikiliza," akasema. "Kitu zito iko na tabia mbili. Kwanza, hataki kuanza. Pili, akianza hataki kuacha. Iko hivyo tu, Mungu ameweka. Wewe hapana gombana na yeye. Bembeleza."

Akanionyesha. Weka viganja kwenye reli ya kichwani, nyoosha mikono, kisha usisukume. Egemea. Mwili wako wenyewe ndio uzito wa kutosha. Vuta pumzi moja, ngoja, na kitanda kitakuja chenyewe taratibu. Kikishaanza, punguza mara moja, kwa sababu kazi ya kukianzisha imekwisha na sasa kilichobaki ni kukilisha kidogo kidogo ili msuguano wa magurudumu usikichoshe. Na kusimama kuanze mapema. Ukitaka kusimama mlangoni, anza kuegemea nyuma ukifika kwenye ule mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Wenzangu wengi husubiri mpaka waone mlango ndipo wakumbuke kwamba wana kitanda.

Kona nayo ina adabu yake. Korido inapinda, lakini kitanda hakijaambiwa. Chenyewe kinataka kwenda moja kwa moja ukutani, na ukikigeuza ghafla upande wa mbele utakutii na wa nyuma utapiga ukuta. Anza kukigeuza kabla ya kona, kidogo, kama mtu anayebadilisha mazungumzo bila kumuudhi mwenzake.

Halafu akanieleza jambo ambalo nimelirudia kwa kila mgeni aliyenifuata. Kitanda kikiwa mwendoni alipiga breki kwa mguu, kikaganda, na mto uliokuwa juu yake ukateleza mpaka miguuni. "Umeona? Breki iko kwa kitanda," akasema. "Mgonjwa hana breki."

Yaani kitanda kikisimama ghafla, aliyelala juu yake bado yumo safarini. Tumbo lake lenye mshono linaendelea mbele. Mfupa wake uliovunjika unaendelea mbele. Huoni kitu, unasikia tu "aa!" na unadhani mgonjwa huyu ana maringo. Binti yangu, aliyesoma fizikia na ambaye tangu mdogo nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, aliniambia siku moja mezani, "Dad, that's just inertia." Nikamwambia nashukuru kwa jina, lakini kitu chenyewe nilikwisha kujuana nacho kabla yeye hajazaliwa.

Mzee Harbans alikijua kutoka reli. Kazi yake Nairobi ilikuwa kupanga mabehewa uwanjani, kuyaunga na kuyatenganisha. Alimwona rafiki yake wa miaka mingi akijaribu kulizuia behewa kwa mgongo. Behewa lilikuwa linakwenda mwendo wa ng'ombe anayerudi zizini, na yule rafiki akaona aibu kulikimbia. Lilimbana kwenye behewa la pili. "Pole pole hapana maana yake nyepesi," Mzee Harbans alisema. Hakunieleza zaidi ya hapo. Alinikataza tu, kwa sauti ambayo sikuisikia kwake tena, nisisimame mbele ya kitu kinachokwenda, hata kiende taratibu namna gani.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Mfukoni nilikuwa na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi na nywele zinazojizungusha kwenye ekseli za magurudumu. Nawaambieni, nusu ya vitanda mnavyoviita vibovu vina nywele tu. Nilikuwa na kitambaa cha kufutia reli, na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, ambayo kanuni haikuiruhusu na Bwana Pettifer hakuiona kwa miaka kumi na moja. Akili nyingine ni ya kingo za lifti. Usiingie lifti kitanda kikiwa sawasawa, ukagonga ule ufa kwa magurudumu mawili mara moja. Ingia kwa mshazari, gurudumu moja moja, na mgonjwa atasikia mitetemo midogo badala ya pigo moja.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana najua wengine mlilisikia limetiwa chumvi.

Hospitali yetu ni majengo mawili, la zamani la matofali na jipya, yaliyoungwa kwa korido ndefu yenye mteremko. Chini ya mteremko kuna milango miwili mizito ya chumba cha eksirei. Kule juu, kabla mteremko haujaanza, sakafu inaonekana sawa. Si sawa. Kanuni ilisema mteremko ni watu wawili. Siku hiyo, mwezi wangu wa tatu, adhuhuri, mwenzangu aliitwa kwenye lifti iliyokwama, nami niliona haya kusimama bila kazi. Nikaamua kusogea mwenyewe mpaka pale juu, nimngojee hapo.

Mgonjwa wangu alikuwa Bwana Dobbs, mwoka mikate mstaafu aliyevunjika mfupa wa paja. Mguu wake ulikuwa umevutwa kwa kamba, na mwisho wa kitanda vilining'inia vyuma vizito vya kuuweka mfupa mahali pake. Muuguzi alinionya kabla sijatoka wodini kwamba mfupa ule ukitikisika vibaya unaweza kukata mshipa mkubwa wa damu. Nikasema ndiyo, nimeelewa, na nilielewa.

Nikafika juu, nikasimamisha kitanda. Ndipo nikamwona mwanamke mzee wa buibui anakuja polepole na fimbo, akishika ukuta kwa mkono mmoja. Nilimjua kwa mwendo kabla ya uso. Alikuwa Bi Zuwena, mwalimu wangu wa chuo cha Kurani Kikwajuni, aliyenishika kidole nikasoma alifu yangu ya kwanza. Mara ya mwisho kumwona nilikuwa mtoto wa miaka minane. Mapinduzi yakatokea, nyumba yao ikafungwa, na sisi watoto tukaambiwa tusiulize. Miaka yote sikujua kama yu hai.

Wasiokulia kwetu wataniona mpumbavu. Lakini sisi tulifundishwa, na yeye ndiye aliyetufundisha, kwamba ukimwona mkubwa wako unaweka chini ulichoshika, unamwendea, na unampa mikono miwili. Humsalimu mwalimu wako kwa kichwa ukiwa umeegemea kitu. Mikono yangu iliachia reli bila kuniuliza. Breki sikuipiga, maana kitanda kilikuwa kimesimama na moyo wangu ulikuwa kwingine.

"Shikamoo, Bi Zuwena," nikasema, nikaubusu mkono wake.

"Marahaba, marahaba. Nani huyu?" Macho yake yalikuwa na ukungu, ndiyo maana alikuja kliniki. Akanipapasa shavu. "Nani, mwanangu?"

"Sele. Mtoto wa Bi Fatma."

"Sele!" Akanishika mikono yote miwili. "Sele wangu wewe? Mama yako yu mzima? Hebu sogea hapa nikuone kwa hili jicho lenye nafuu." Akanivuta, akanitazama, kisha akatazama nyuma ya bega langu. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. "Sele, mwanangu, mgonjwa wako anakwenda wapi peke yake?"

Kitu kizito hakitaki kuanza, lakini kipe mwinamo mdogo na muda wa salamu za Kiunguja, kitaanza. Kitanda kilikuwa kimeshaondoka hatua sita au saba, kimya kabisa, miguu ya Bwana Dobbs ikitangulia kuelekea ile milango. Nilikimbia. Nilijua sitakiwahi, na nilijua nini kitatokea kikifika.

Mzee Harbans alikuwa anapanda mteremko na kiti cha magurudumu kitupu. Aliona. Na jambo la kwanza alilofanya, wallahi, ni kukipiga breki kile kiti. Baadaye nilimuuliza ilikuwaje akapoteza sekunde hiyo, akanijibu kwamba kiti kisicho na breki kingekuwa kitanda cha pili. Kisha hakusimama mbele. Mtu mwingine yeyote angesimama mbele. Yeye alijibanza pembeni, akakiacha kitanda kimfikie, akashika reli ya ubavuni kwenye pembe ya nyuma, akakimbia nacho huku akikiegemeza kidogo kidogo upande wa ukuta. Ubao wa kukinga ukuta ukaanza kulia kwa kusuguliwa. Kitanda kikapungua mwendo, kikapungua tena, kikaketi kistaarabu hatua mbili kutoka mlangoni. Vile vyuma vya Bwana Dobbs vilicheza kidogo tu.

Mkono wa kushoto wa Mzee Harbans ulikuwa kati ya reli na ubao. Vidole viwili vilivunjika. Hakuutoa mkono mpaka kitanda kiliposimama kabisa, kwa sababu kuutoa mapema kungekiachia. Nilifika ninalia, na yeye akaniita kwa upole kwa jina langu zima, "Piga breki, Suleimani."

Bwana Dobbs alitutazama wote wawili. Akasema tangu alazwe pale hii ndiyo mara ya kwanza kupelekwa mahali upesi.

Saa ile ile niliitwa ofisini kwa Bwana Pettifer. Kibali changu cha kukaa nchini kilisimama juu ya kazi ile, na mama yangu Kikwajuni alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe anatibu watu Ulaya. Mzee Harbans, mkono umefungwa bendeji, alinisimamisha nje ya mlango. "Hapana sema uongo hata moja," akasema. "Sema yote. Mimi iko nyuma yako."

Nilisema yote. Bwana Pettifer alikuwa ameshafungua kidaftari. "Kwa nini uliachia?" akauliza. Nikasema nilimwona mwalimu wangu. Akasema ningeweza kumwambia habari za mchana kama binadamu wengine. Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza, na nadhani hata leo sina. Akaanza kuandika. Ndipo mlango ukagongwa kwa fimbo.

Bi Zuwena alikuwa ameiacha miadi yake ya macho, akauliza njia kwa ishara mpaka akafika. Hakuketi. "Nani hapa anajua Kiswahili anifasirie?" akauliza, na Mzee Harbans akainua mkono wa bendeji.

"Mwambie huyu bwana kosa ni langu," akasema. "Mtoto huyu nilimlea mimi. Nilimfundisha weka ulichoshika umsalimu mkubwa wako, na kafanya kama nilivyomfundisha, mbele ya macho yangu. Akimfukuza, anafukuza mafunzo yangu. Lakini somo halikukamilika, kwa sababu wakati ule watoto walikuwa wameshika vikapu na juzuu, hawakushika watu. Leo nalikamilisha." Akanigeukia. "Sele. Ukiwa umeshika mgonjwa, mkubwa wako ni huyo aliyelala. Hata nije mimi, hata aje mama yako. Sisi tutangoja. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Bwana Pettifer akamtazama Mzee Harbans. Mzee Harbans akatafsiri hotuba yote kwa Kiingereza cha maneno machache: bibi anasema haitatokea tena.

 Bwana Pettifer aliutazama mkono wa Mzee Harbans, akamuuliza yeye, mwenye kuumia, anaonaje. Mzee Harbans akasema, "Nipe yeye kwangu mwezi moja. Mimi tafundisha." Alisema kwa Kiswahili, kwa kuchanganyikiwa au kwa maumivu, sijui, kisha akarudia kwa Kiingereza. Bwana Pettifer alichana ile karatasi aliyoanza kuandika, akaikunja, akaitia mfukoni.

Kwa mwezi mmoja sikugusa mgonjwa. Nilisukuma mashuka, mitungi ya oksijeni, na kila mchana, baada ya chakula, kitanda kitupu chenye bilauri ya maji. Ilikuwa bilauri ya chuma, ya kwake mwenyewe, aliyokuja nayo kutoka Nairobi, na ndani yake alikwaruza alama kwa msumari. Aliijaza mpaka alama, nusu kidole chini ya mdomo, akaiweka mwisho wa kitanda juu ya karatasi ya kufutia mikono, akaniambia nishuke mteremko mpaka eksirei na kupanda tena. Yeye alitembea pembeni na kushika reli kwa mkono wake mzima. Karatasi ikilowa, tunarudia.

Maji yanasema yote. Ukianza kwa pupa yanarudi nyuma. Ukisimama kwa pupa yanaruka mbele. Ukikata kona yanakimbilia ukuta wa nje. Wiki ya kwanza nilirudi nyumbani suruali imelowa, na mjomba akaniuliza kama nimehamishiwa kufua. Wiki ya tatu nilifika chini karatasi ina tone moja. Siku ya mwisho wa mwezi ilifika kavu. Mzee Harbans aliyanywa yale maji yote, akanirudishia wagonjwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri kwangu, na nashukuru. Nilimsukuma mama aliyejifungua mapacha watatu na alitaka kuwaona wote kwa wakati mmoja, tukaenda vitanda vinne kwa mfuatano. Nilimsukuma bwana mmoja mkubwa wa mwili sana aliyeniomba radhi kila kona, mpaka nikamwambia kitanda kizito ni raha, kikishaanza hakisumbui. Magurudumu yaliboreka, breki zikawa za kanyagio moja, vikaja vitanda vyenye injini ndani ambavyo vinajisukuma vyenyewe na kusimama wakati visipotakiwa. Bi Zuwena nilimtembelea Thamesmead, kwa binti yake, kila nilipopata Jumapili, mpaka alipofariki. Kila nikiingia nilimpa mikono miwili, naye aliuliza kwanza, "Umemwacha wapi mgonjwa?" Tulicheka kila mara, na kila mara jibu langu lilikuwa kwamba nimepiga breki.

Mzee Harbans alipostaafu aliniachia ile bilauri. Vidole vyake viwili vilipona kwa kupinda na havikunyooka tena. Niliviona kila siku kwa miaka yote ile tuliyofanya kazi pamoja, na hakuwahi kuvitaja hata siku moja.

Nilibakiwa na miaka michache ya kazi yeye mwenyewe alipoletwa hospitali. Wanjiru ndiye aliyenipigia simu ya korido. Mzee Harbans, sasa mtu wa miaka themanini na kitu, alipanda ngazi kwake Ilford kufunga pazia, akaanguka. Mfupa wa shingo ulivunjika. Alikuwa bado anahisi vidole vya miguu, lakini kipande cha mfupa kilikaa karibu sana na uti wa mgongo. Daktari alitueleza waziwazi kwamba mtikisiko mmoja mbaya utamwacha asitembee tena, au asipumue. Chumba cha upasuaji kilichokuwa tayari kilikuwa jengo lile la pili. Maana yake mteremko.

Nilimkuta amefungwa kola ngumu, kichwa kimezuiwa pande zote mbili, macho juu. Aliponisikia alitabasamu. "Suleimani," akasema. "Wewe iko na gilasi?"

Nilikuwa nayo. Nilikwenda kuichukua kabatini, nikaijaza mpaka alama, nikaiweka miguuni pake juu ya karatasi.

"Mzee Sele, hapana," Wanjiru akasema. "Hiyo itamwagikia mgonjwa, na haruhusiwi kunywa kitu."

"Si ya kunywa," nikamwambia. "Ni ya kunisimamia mimi."

Akaniangalia, akamwangalia mgonjwa, akaiacha. Nilikagua magurudumu manne, nikakata uzi mmoja. Wanjiru akashika reli ya ubavuni, upande wa miguu. Nikaweka viganja, nikanyoosha mikono, nikaegemea, nikangoja pumzi moja.

Pale juu ya mteremko alisimama mkewe, Mama Harbans, amefika sasa hivi kutoka nyumbani. Ni mkubwa wangu, nimekula kwake mara zisizo na hesabu. Aliunganisha viganja kunisalimu, kisha akaunyoosha mkono kumshika mumewe. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kusimama na kumpa heshima yake. Lakini kusimama pale ni kuanza tena pale, na kuanza ndiko kunakoumiza. Nilimjibu kwa macho. "Mama, tembea naye," nikasema. "Hatusimami." Akaelewa. Akaweka mkono juu ya blanketi, akatembea nasi, na mimi nikauzuia mwili wote ule na kitanda chote kile kwa mgongo wangu, hatua kwa hatua, mpaka chini. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya Bwana Dobbs, kwa sababu safari hii hakuna aliyekuwa anapanda na kiti kitupu.

Milango ya upasuaji ilifunguliwa mapema. Gurudumu moja, la pili, la tatu, la nne. Nikaanza kusimama mbali, nikapiga breki kitanda kikiwa tayari kimelala chenyewe. Watu wa upasuaji wakatuzunguka.

Mzee Harbans alikuwa bado anatazama dari. "Suleimani," akasema, kidogo kwa kukosa subira. "Ngoja nini? Anza."

"Tumefika, Mzee."

Akauliza, "Maji?"

Wanjiru aliinua bilauri, akapitisha kidole kwenye karatasi. Alikigeuza kidole chake huku na huku, akatunyanyulia tukione. "Ni kavu," akasema. "Kavu kabisa."

Alifanyiwa upasuaji mchana ule, na kesho yake alimwita kila aliyepita wodini aje aone anavyochezesha vidole vya miguu. Wiki ya saba nilikuwa napita korido ya jengo la zamani nikasikia fimbo ya chuma inagonga sakafu. Alikuwa anakuja kliniki kwa miguu yake, taratibu, kola shingoni, kilemba kimefungwa vizuri, mkewe nyuma. Akaniona. Akauhamishia uzito kwenye fimbo, akaunyoosha mkono wa kushoto, wenye vile vidole viwili.

Nilitazama nyuma yangu, nikatazama pembeni. Hapakuwa na kitanda. Hapakuwa na mgonjwa. Nikamwendea, nikampa mikono miwili.